Theluji Niliyosimuliwa na Adela

Asubuhi ile mke wangu Adela alikaa barazani, simu ameiegemeza kwenye birika la chai, anaongea na mkwe wetu Beatrice aliye China. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nimewapa mgongo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mpunga wa Ikolo mpaka ziwani, na milima ya ng'ambo ilielea haina miguu.

"Ugonile, mwanangu," Adela alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Umekula?"

"Nimekula, mama. Wali."

"Wali gani huo usionukia!"

Wakacheka. Sauti ya Beatrice ilikuja kupitia ukungu, karibu sana, kama yuko kisimani anachota.

Nilikuwa nimejificha kwa sababu kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe wake. Akiniona njiani, anapinda. Wengi siku hizi wameacha. Beatrice hakuacha, nami sikuacha. Ndiyo heshima tuliyonayo. Tangu mwanangu Aliko amuoe, namjua kwa nyayo zake, kwa kikohozi chake, kwa pindo la kitenge likiishia kwenye kona ya nyumba. Maneno yote kati yetu aliyabeba Adela.

Beatrice alikuwa mtaalamu wa kilimo hapa Kyela. Akapata ufadhili wa chuo kikuu kimoja cha kaskazini ya China, akasomee mbegu za mpunga. Majirani wakamjia Adela.

"Mkamwana akienda, nani atakuchotea maji?"

"Mikono ninayo," akasema. Akambebea begi mpaka stendi.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu. Beatrice alilia kwenye simu kwamba hata kuomba chumvi hajui. Adela alimwambia aonyeshe kwa kidole, njaa haina aibu. Halafu zikaanza simu za picha. Uso wa mkwe ulikuwa humo, kwa hiyo sikutazama. Adela alitazama, kisha alinifuata kwenye migomba kunisimulia.

Ndivyo nilivyokiona chuo kile. Mabweni marefu, madirisha yanatoa mvuke. Binti wa Laos anayelala kitanda cha juu, anakaanga samaki chumbani mpaka mlinzi anagonga mlango. Miche ya mpunga imeota ndani ya nyumba ya kioo, nje barafu. Na theluji.

"Ni kama kungu," Adela alisema. Kungu ni wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi. "Ila hawa weupe. Wakikugusa wanakuwa maji."

Mpaka leo theluji yangu ina mabawa.

Siku moja Beatrice aliomba aonyeshwe shamba. Adela akaigeuza simu, na mimi ndiyo nakuja na jembe begani. Ukelele ukatoka kwenye simu, kitu kikaanguka huko. Mimi nikaruka mfereji. Aliko alikuwa amekuja likizo kutoka Mbeya anakofanya kazi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba, unamkimbia mtu aliye China?"

"Naye kakimbia," Adela akasema. "Sijui kakimbilia Japani!"

Basi asubuhi ile ya ukungu, walipomaliza kuongea, Adela alikwenda shambani kuamia ndege wasile mpunga. Alirudi amebebwa. Presha, walisema. Hospitalini hakukaa sana. Tulimzika nyumbani.

Watu walijaa uani. Wanawake wakaanza kuulizana, mkamwana yuko wapi? Kwetu mkamwana ndiye anayesimama mbele kwenye msiba wa mama mkwe. Beatrice naye akampigia Aliko, tayari anafunga mizigo. Kilichobaki masomoni kilikuwa kusimama mbele ya walimu wake kuutetea utafiti. Akiondoka, ufadhili unakatika, na miaka yake yote inapotea. Aliko alimsihi abaki. Hakumsikia.

"Baba atanionaje?" alisema. "Mama amekufa, mimi nipo huku naangalia miche?"

Aliko alipoyaleta maneno hayo, nilijua jibu linatoka kwangu. Na aliyekuwa akiyabeba majibu yangu nimemfukia jana yake.

Nikamwambia Aliko alaze simu juu ya kinu, kioo chini. Nikaipa mgongo. Upande wa pili nilisikia nguo ikivutwa. Beatrice alikuwa anajifunika kichwa, huko huko China.

"Mwanangu," nikasema. Sikuwahi kumwita.

Nilisikia akisogea karibu na simu.

"Abee, baba."

Ilikuwa sauti ndogo, haina ukuta katikati. Nilihisi nimesimama kwenye ile baridi yake, kungu weupe wanatua mabegani mwangu.

"Fungua mizigo."

"Baba, watu watasema sikumlilia mama."

"Watasema. Wakishiba watanyamaza."

Hakucheka. Akavuta pumzi.

"Na mama mwenyewe? Aliacha neno?"

Aliacha. Alinipa hospitalini, amenishika kidole kimoja, macho yakiwa mbali. Sikuongeza, sikupunguza. Nilimpa Beatrice kama nilivyopewa:

"Mwambie asije mbio. Mimi nikishalala sina safari tena. Amalize, ndipo aje alie, na alie kwa sauti, nisikie."