Farasi wa Binti Yeftha

Mpishi wa nyumba ile ya Riyadh alijua hadithi za Biblia tu, na alizisimulia kwa mikono huku akikanda unga. Goliathi alipoanguka, donge lilibwagwa mezani, puu! Gideoni aliposhambulia, vifuniko vya sufuria vililia mpaka madam akapaza sauti kutoka sebuleni, "Yalla, kazi!" Pauline, msichana aliyefanya usafi humo, alicheka hadi akashika mbavu. Lakini siku ya Yeftha, yule aliyemwapia Mungu kwamba akishinda vita atamtoa sadaka wa kwanza kumlaki mlangoni, mikono ya mpishi ilikwenda polepole. "Binti yake akatoka na matari, anacheza. Kumbe nyuma ya nyumba kuna farasi! Akamrukia mgongoni, huyoo milimani, hata vumbi lake hawakulikuta."

"Ai, Anti! Biblia haisemi hivyo," Pauline akadakia, maana alilelewa kanisani. "Alitolewa. Baba alikuwa ameshaapa."

Mpishi akaufunika unga kwa kitambaa, akakinyoosha pembe zote. "Najua, mwanangu. Binti yangu nilimwita mimi mwenyewe aje kazi Jeddah. Nilimwambia nyumba ni ya watu wema. Simu yake imezimwa tangu Pasaka."

Hakusimulia tena, hadi alipohamishiwa nyumba nyingine. Siku hizi Pauline ndiye anayekanda, akijisimulia peke yake, na kila afikapo mlangoni pa Yeftha humwachia binti yule farasi, tena humfungulia na lango.