Shahidi wa Mama Pasi

Mama yangu hupiga pasi huku anasikiliza mlango. Mkono unakwenda, kola inanyooka, mvuke unapanda, lakini sikio liko kizingitini. Akiingia mwanamke mtu mzima mwenye kicheko kikubwa, mama huinua kichwa haraka, akamtazama, kisha hukishusha taratibu na pasi inaendelea. Wateja hudhani ni umakini wa kazi. Umakini gani! Anamsubiri dada yake.

Mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Mimi ndiye kitinda mimba wake, tena mwenye mdomo kuliko wote, kwa hiyo kusimulia kumeniangukia mimi. Duka letu la dobi ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye alama za kuungua, waya wa kutundikia nguo kutoka ukuta hadi ukuta, na kopo la matundu la kunyunyizia maji ambalo hataki hata kusikia habari ya kulibadilisha. Nyuma kuna vyumba vitatu na ua wa kuanikia mashuka.

Huyo dada yake, mama mkubwa wetu, sikuwahi kumwona hata kwa dawa. Nilimjua kwa vipande vipande. Mama akipata gauni lenye marinda magumu husema, "Hili dada angelinyoosha kwa viganja tu." Akionja chai yangu husema, "Dada alikuwa anatia sukari kama analipwa." Na kitandani hulala upande wa ukutani, kwa sababu utotoni upande wa nje ulikuwa wa dada. Baba alipokuwa hai walibishana naye sana juu ya hilo, mpaka mzee wa watu akachoka akajinunulia kitanda chake. Baba amefariki, mama ana kitanda kizima peke yake, na upande wa nje bado haulaliwi. Nilipokuwa mdogo niliuparamia siku moja, akanisogeza.

"Hapo pana mwenyewe," akasema.

Walichogombania mama na dada yake ni nyumba ya babu. Babu alikuwa fundi cherehani mwenye roho laini kupita kiasi, hakujua kumwambia mtu hapana. Kila mteja alimnong'oneza, "Usijali, yako ndiyo ya kwanza." Basi kila mtu aliondoka anachekelea, na siku ya kuchukua nguo ikawa vurugu tupu. Alipofariki hakuacha wosia. Mama mkubwa akasema nyumba ni yake, baba yao alimwambia kwa mdomo wake. Mama akasema, hee, mbona aliniambia mimi! Kila mmoja akamwona mwenzake mwongo, tena mwongo wa kumsingizia maiti. Walirushiana maneno mbele ya waombolezaji, maneno ambayo mama mpaka leo hayarudii. Nyumba ikauzwa wakagawana, aliyeinunua akaibomoa, na ndugu waliolala kitanda kimoja wakapeana mgongo. Mama mkubwa akahamia ng'ambo ya soko. Ng'ambo ya soko, jamani! Hiyo nayo ni safari? Ni mwendo wa mtu anayekwenda kununua nyanya.

"Si umwendee tu?" nilikuwa nikimuuliza mama.

"Nimwendee nikamwambie nini? Kwamba baba hakuniambia? Aliniambia. Nikisema hakuniambia, nitakuwa namdanganya dada yangu ili anipende."

Nikimjibu tu, ananigeuzia pasi.

Basi mwaka huu mama alishikwa na kizunguzungu mezani. Hakuanguka, aling'ang'ania waya wa nguo mpaka mashati yote yakamshukia. Aliyemkalisha kitini ni mteja wetu mmoja, wakili, binti mdogo tu, aliyekuwa amefuata blauzi zake. Alimpepea, akampa maji, akamtazama vizuri, kisha akamuuliza kama ameandika wosia.

"Unanichuria?" mama akaruka. "Mimi bado nipo."

"Upo, ndiyo maana nakuuliza wewe. Hati ya nyumba ina jina la nani?"

"La mume wangu."

"Si marehemu? Na kwenye chama chenu cha akiba, umemwandika nani achukue fungu lako ukifariki?"

"Mume wangu."

"Mama Pasi!"

"Sasa unanifokea nini? Nilipomwandika alikuwa hai!"

Yule binti alicheka mpaka akakaa juu ya furushi la mashuka. Kisha akamwelekeza polepole. Kwanza hati ibadilishwe jina, maana huwezi kugawa kilicho kwa jina la mtu mwingine. Kwenye chama aandike mtu aliye hai. Halafu awaite watoto wote mahali pamoja awaambie anachotaka, siyo mmoja mmoja pembeni. Siku ya kutia sahihi wawepo mashahidi wawili, watu wazima, nao wasiwe wanaopata chochote ndani ya huo wosia.

"Asiyepata chochote," mama akarudia, akaangalia mlango.

Hati ilituzungusha maofisini mpaka tukajuana na walinzi. Ilipotoka, mama akatuita. Kaka mkubwa, dereva wa lori, alikuja na vumbi lake. Kaka wa pili, fundi simu, alikuja na simu za watu mfukoni zinalia. Mama akakaa kwenye kiti chake, akasema anataka tuzungumze habari ya nyumba.

"Mama, si hilo lilikwisha?" kaka mkubwa akasema. "Ulishaniambia ni yangu."

Fundi simu akapaliwa na chai. "Yako? Aliniambia mimi, siku ile nilipopaka rangi!"

Mdomo ukaniwasha. "Nyinyi watu wazima mnajidanganya. Mama aliniambia mimi, hapa hapa, nikiwa namkanda miguu."

"Nani mwongo hapa?" kaka mkubwa akasimama. "Maana mmoja wetu ni mwongo!"

Nami nikasimama, nikiwa na majibu mabaya tayari ulimini. Lakini mama alikuwa ametoa macho kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua.

"Kaeni," akasema. "Hakuna mwongo. Niliwaambia wote. Kila mmoja aliponitendea wema, nilimpenda mpaka moyo ukanijaa, sikuwa na kingine cha kumpa. Nikampa nyumba."

Tukakaa. Fundi simu alitaka kutania, akaona uso wa mama, akameza utani wake.

"Yako ndiyo ya kwanza," mama akasema, lakini hakuwa anazungumza na sisi. "Baba alituambia wote wawili. Dada hakuwa mwongo. Nilimwita mwongo mbele za watu, na hakuwa mwongo." Akalia kwa sauti, mama yangu huyu, ambaye hata mazishini kwa mume wake alilia kimya kimya.

Alipotulia tulikubaliana bila ugomvi, nyumba iwe ya sote watatu na asiiuze mmoja bila wengine. Kisha akanigeukia.

"Nenda ng'ambo ya soko. Mwambie dada nahitaji shahidi. Mtu asiyepata kitu."

"Mama! Umemnunia maisha yangu yote, halafu unamwita aje kutia sahihi?"

"Nikimwita hivi hivi hatakuja. Nikimwita kwa kazi, atakuja. Namjua."

Niliulizia, nikamkuta kwenye meza yake ya vifungo na zipu, anapanga nyuzi kwa rangi. Aliniona kwa mbali, akaacha uzi mweusi ukabingirika chini.

"Huo mwendo ni wa mdogo wangu," akasema. "Amekufa?"

"Shikamoo mama mkubwa. Hajafa."

Akakaa. Nikamweleza yote, wakili, kaka zangu, nyumba iliyogawiwa mara tatu. Alisikiliza akiwa ameshika tama.

"Kwa hiyo baba alituambia wote."

"Eeh."

"Yule mzee!" Akacheka, nami nikakitambua kile kicheko ingawa sikuwahi kukisikia, maana nimekua nikiona mama anavyokisubiri. Katikati ya kucheka akaanza kulia, akajifuta kwa utepe wa kupimia zipu.

"Huwa napita pale kwenu," akasema. "Upande wa pili wa barabara. Namwona ameinamia meza. Siku moja nilichukua shuka safi nikalifinyangafinyanga makusudi, ili niwe na cha kuleta. Nikafika mpaka mlangoni."

"Ikawaje?"

"Nikasikia anaimba. Nikaona huyu hana haja na mimi. Nikarudi na shuka langu."

Ofisi ya wakili ina viti vigumu na feni inayozunguka kwa kulalamika. Mama alitangulia, amevaa gauni alilolipiga pasi mpaka likasimama. Shahidi mmoja, muuza vitabu wa jirani, alishafika. Mama mkubwa alipoingia, mama alisimama kama mtoto wa shule.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Hakuna aliyemgusa mwenzake. Walikaa viti viwili vinavyofuatana, wakitazama mbele, mikoba mapajani. Wakili alisoma wosia wote kwa sauti, mama akatia sahihi, muuza vitabu akatia sahihi. Kalamu ikamfikia mama mkubwa.

"Mama," wakili akamuuliza, "una chochote unachotegemea kupata hapa? Kama unacho, huwezi kuwa shahidi."

Mama mkubwa alishika kalamu, akaiangalia, akaiweka mezani.

"Basi siwezi."

"Nilijua tu!" kaka mkubwa akanong'ona, nikamkanyaga mguu. Mama alikuwa amepauka. Alimgeukia dada yake, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Unataka nini, dada?"

"Upande wa nje wa kitanda," mama mkubwa akasema. Sauti ilikuwa ndogo, siyo ya mtu mwenye kicheko kile. "Au umeshampa mtu?"

Mama akatikisa kichwa. "Haujalaliwa, dada."

Wakili akajifanya anapanga karatasi zake.

"Hilo mimi siwezi kuliandika humu," akasema mwishowe, machozi yakimlengalenga. "Wosia ni wa ukishafariki. Hilo ni la leo."

Mama akaichukua kalamu mezani, akaiweka mkononi mwa dada yake, na mkono wenyewe hakuuachia.

"Kama halimo humo, basi hupati kitu," akasema. "Tia sahihi, dada, twende nyumbani."