Nyumba Tuliyoikuta Chini ya Shimo la Dhahabu

Mita nne chini ya ardhi, sululu yangu ilitokea jikoni kwa mtu.

Sitanii. Mafiga matatu, chungu, jiwe la kusagia. Majivu bado yapo.

Ilikuwa Rwamgasa, mwaka juzi. Naitwa Mageni, nachimba dhahabu kwenye duara la Boaz. Duara ndilo shimo letu la kazi.

"Vunja, tushuke," Boaz akasema.

"Bosi, hii ni nyumba."

"Mwenyewe yuko wapi? Vunja."

Nikagoma. Nikapanda juu, nikampigia simu mtendaji wa kijiji.

Akaja dada mmoja mtaalamu wa mambo ya kale, Asteria. Akasema kilima kiliporomoka zamani sana, tope likaifunika nyumba nzima. Akatugawia brashi na vijiko.

Wanaume wazima, tunachimba kwa vijiko. Boaz alininunia wiki nzima.

Siku ya nane tukakuta mifupa mlangoni. Mtu kalala kifudifudi, mkono kaunyoosha nje.

"Alikuwa anatoka," Asteria akasema. "Hakuwahi."

Boaz akavua kofia. Saa ya chai akamsogelea Asteria.

"Dada, mtu akifukiwa miaka minne, bado anapatikana?"

"Anapatikana. Mkichimba polepole."

Wote tulijua anamsema nani. Mdogo wake, Sostenes, alipotea wiki ileile duara letu la zamani lilipotitia kwa mvua. Lilititia Jumapili, hakuna kazi, tukaamini shimo lilikuwa tupu.

Boaz ndiye aliyemwambia Juliana, mke wa Sostenes: "Shemeji, usimsubiri. Katoroka na mwanamke wa Kahama."

Mtaa mzima tukalisema hilo. Na mimi nililisema. Hadi huyo mwanamke nilimpa jina.

Basi Boaz akamwachia Asteria ile nyumba, akatupeleka kwenye shimo la zamani. Tukaweka magogo ya kuzuia udongo. Tukachimba siku kumi na moja.

Tulimkuta Sostenes. Amekaa, mgongo ukutani, miguu chini ya mwamba. Pete ya ndoa kidoleni.

Polisi walipomaliza kazi yao, tukaenda kwa Juliana, Kalangalala. Boaz akapiga magoti mlangoni.

"Shemeji, hakukukimbia."

"Najua," Juliana akasema. "Ninyi ndio mlikuwa hamjui."

Akaingia ndani. Tukadhani ndiyo basi, katufukuza.

Akarudi na viti.

Ndugu msomaji, usipojua mtu kaenda wapi, sema hujui. Inatosha.