Kaye ya Vicheko

Jumapili ile, saa tisa mchana, ukumbi wa parokia kule mtaani Ndosho ulijaa hadi madirishani. Nsimire alikuwa mahali pake pa siku zote: nyuma ya pazia, upande wa kushoto, juu ya kigoda, maandishi ya mchezo kwenye goti moja na kaye ya bluu, daftari lake, kwenye goti la pili.

Alikuwa sufleri wa kikundi. Mchezaji akisahau maneno, yeye ndiye aliyemnong'oneza. Lakini alikuwa na kazi nyingine, aliyopewa miaka kumi na minane nyuma na marehemu muzee Grégoire Baharanyi, mwalimu aliyetunga mchezo wa Mbuzi ya Yatima.

"Wachezaji wanajua walichosema," muzee alimwambia. "Mimi nataka kujua watu walisikia nini. Niandikie walicheka wapi, nani alianza, nani alifuata. Anayeanza ndiye ameelewa. Wengine wanamufuata tu."

Tangu siku hiyo Nsimire aliandika. Mabenchi aliyapa namba, na kila ukurasa wa kaye aliutia namba yake pembeni. Duara lilikuwa kicheko, msalaba machozi, mstari mrefu kimya, na tarakimu kando ya duara ilionyesha nani alitangulia. Watu aliwajua kwa majina, maana kila mmoja alikaa palepale alipokaa siku zote, kama kwenye misa. Muzee alipokufa, hakuna aliyemwambia aache, naye hakuacha.

Mchezo wenyewe ulijulikana na kila mtu mjini. Mwami, chifu wa nchi, anakula mbuzi wa pekee wa mtoto yatima, halafu anawakusanya raia wamtafute mwizi. Katika sehemu ya tatu anasogea mbele kabisa ya jukwaa, anawatazama watu na kuuliza: "Nani amekula mbuzi ya yatima?" Na ukumbi mzima hujibu: "Mwami, angalia meno yako!" Jibu hilo halikuandikwa na muzee. Bibi mmoja alilitoa siku ya kwanza kabisa kwa hasira zake mwenyewe, na tangu hapo watoto wa shule walilijua kuliko masomo yao.

Miaka sita ilikuwa imepita bila mchezo. Wakimbizi walipovuka mpaka kwa maelfu, ukumbi ule ukawa mahali pao pa kulala, na mabenchi yote yakaishia kuwa kuni chini ya sufuria za maharagwe. Hakuna aliyewalaumu. Kisha vita, kisha vita tena. Sasa mji ulikuwa mikononi mwa wakubwa wapya. Mabenchi mapya yalichongwa kwa mbao za Masisi, Nsimire akayapa namba upya, na mwalimu Gauthier, ambaye zamani alicheza yatima akiwa kijana, akasema ni wakati wa kuurudisha mchezo.

Ruhusa ilitoka kwa wakubwa hao, karatasi moja yenye mihuri mitatu. Chini iliandikwa kwamba wao wenyewe wangekuja kutazama.

Gauthier aliposoma hapo alikaa chini. Kesho yake, kwenye mazoezi, alipiga mstari juu ya swali la mwami.

"Hakuna swali, hakuna jibu," alisema.

"Mwami asiyeuliza ni mwami gani?" aliuliza Cirimwami, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma, aliyeigiza mwami.

"Ni mwami anayelala kwake nyumbani, ndugu yangu."

Nsimire alipiga mstari uleule katika maandishi yake, kwa rula.

Basi Jumapili ikafika. Mbele ya benchi ya kwanza vilipangwa viti sita vya kuazima. Kwenye kiti cha tatu alikaa mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye miwani, miguu ameinyoosha. Ukutani alisimama Onésime, wa ofisi ya usalama kule Himbi, katika jaketi la ngozi. Yeye hakutazama jukwaa hata mara moja. Alitazama watu.

Sehemu ya kwanza, Nsimire hakuandika duara hata moja. Mistari mirefu tu. Watu walitazama visogo vya wale sita kwanza, kisha jukwaa. Sehemu ya pili, yatima alipoita mbuzi wake, mama mmoja wa benchi ya saba alijifuta macho. Msalaba.

Sehemu ya tatu, Cirimwami akasogea mbele. Akatazama watu. Kisha, kama walivyopatana, akaruka swali na kugeuka aende zake.

Ukumbi haukuenda naye. Ulingoja. Nsimire alisikia mabati yakilia kwa joto. Halafu nyuma kabisa, karibu na mlango, sauti ya mtu mzee ikaanza, na kabla haijamaliza neno la pili ukumbi mzima ulikuwa umeichukua:

"Mwami, angalia meno yako!"

Walijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Cirimwami alisimama, mgongo kwa watu, hajui aende au arudi.

Hapo Kahindo akasimama kwenye benchi ya nne.

Kahindo alikuwa muuza vitenge, mtu wa Butembo, jirani wa Nsimire ukuta kwa ukuta na mama wa ubatizo wa binti yake. Kila baada ya wiki mbili alienda Bunagana, mpakani, kuchukua mzigo, na kila mara askari wa wakubwa wapya kwenye kizuizi walifungua robota lake na kujichagulia. Mdomo wake ulijulikana soko zima.

"Na vitenge vya Bunagana!" akapaza sauti. "Angalia vizuri, mwami, navyo viko katikati ya meno!"

Kimya kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine. Mtu wa benchi ya tano alimvuta Kahindo kitambaa akae. Onésime alitoka ukutani hatua mbili. Mkono wa Nsimire, kwa mazoea yake, ulichora mstari mrefu.

Kisha kicheko kikatoka. Kilitoka kwenye kiti cha tatu. Yule mwenye miwani aliinama mbele, akapiga goti lake kwa mkono wa kulia, mara mbili, akacheka kama mtu aliyesahau yuko wapi. Baada yake benchi ya pili ikajaribu kidogo, kisha ya sita, kisha ukumbi wote ukapasuka, watu wakishikana mabega. Nsimire aliandika vyote kwa mpangilio wake. Hakufikiri. Alichora duara na tarakimu.

Mchezo ulipokwisha, Onésime alipanda nyuma ya pazia.

"Mama, nimekuona. Watu wanatazama mchezo, weye unaandika. Lete."

Akapekua hadi ukurasa wa mwisho ulioandikwa, wa sabini na moja. "Hizi alama ni nini?"

"Ni vicheko, papa. Na kimya."

"Kuna majina?"

"Kuna namba za mabenchi. Majina ninayo kichwani."

Alifurahi. Ilionekana kwenye midomo. "Kila ukurasa una namba. Weye ni mutu wa mpango." Akachomoa kalamu, akatia sahihi yake na tarehe chini ya ukurasa ule, kalamu ikikwaruza. "Sasa hakuna kubadilisha. Ukurasa unaofuata, andika safi: kila alama maana yake, kila benchi jina lake. Nani alisema, nani alicheka. Kesho saa tatu, Himbi." Nje, gari la mkubwa likapiga honi, naye akaondoka mbio.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mabati, Gauthier na Kahindo walikuwa wamekaa kwenye chumba cha mbele cha Nsimire. Chai ilipoa.

"Andika kwamba walikohoa," alisema Gauthier. "Vumbi la Ndosho, nani atabisha? Watu mia tatu wamekohoa."

"Alikuwa ndani, mwalimu. Ana masikio."

"Basi tia moto kaye yote!"

"Ameitia sahihi. Atauliza iko wapi."

Mtaa mzima ulijua habari za fundi saa aliyeitwa kule Himbi kabla ya Pasaka kwa sababu ya maneno ya baa. Mke wake bado alipeleka chakula getini kila siku, na bado alirudi na sahani imejaa.

"Niende Butembo," alisema Kahindo. "Kuna gari alfajiri."

"Watakuuliza kizuizini jina lako," alisema Nsimire. "Na Onésime amekuona sura."

"Basi utaniandika?"

"Nitakuandika."

"Ee Mungu wangu! Nimebeba mutoto wako kwenye maji ya ubatizo, na weye unaniuza kwa uzuri wa mwandiko wako?"

Nsimire alifungua kaye, akaisogeza kwa Kahindo na kuweka kidole kwenye duara lenye tarakimu ya moja.

"Weye Onésime alikusikia mwenyewe, sina cha kumuficha," alisema. "Nikidanganya, atakuwa na makosa mawili, lako na langu. Lakini yeye alikuwa anatazama watu wa nyuma. Kiti cha tatu kilikuwa kimemupa mgongo. Aliyeanza kucheka ni mukubwa wake. Na sahihi iko hapo chini."

Gauthier alisogea, akatazama, akavua kofia.

"Na kama akikasirika zaidi?" aliuliza Kahindo.

"Inawezekana."

"Na kama hajui kusoma?"

Hakuna aliyecheka. Kahindo alijifunga kitambaa upya, akasimama mlangoni. "Andika," alisema. "Lakini andika nilivyosema sawasawa. Usinipunguzie maneno."

Nsimire aliandika. Hakuacha benchi, hakuacha mtu.

Kesho yake, saa tatu kasoro dakika kumi, alikuwa Himbi, kwenye nyumba yenye bustani inayoteremka ziwani, ambayo zamani ilikuwa ya mfanyabiashara. Chumba cha kwanza karani mmoja alipiga mashine ya kuandika. Chumba cha pili alikuwa Onésime, mlango wazi. Hakumkaribisha kukaa.

"Mkubwa anangoja ripoti yangu saa sita," alisema. Akaipokea kaye, akasoma kwa sauti, ili karani pia asikie. "'Baada ya jibu la watu wote, Mama Kahindo, muuza vitenge, benchi ya nne, alisimama na kusema: Na vitenge vya Bunagana, angalia vizuri, mwami, navyo viko katikati ya meno.' Vizuri sana. 'Kimya. Halafu kicheko cha kwanza: mstari wa viti vya mbele, kiti cha tatu, mheshimiwa mwenye miwani. Alipiga goti kwa mkono wa kulia, mara mbili. Wengine...'"

Sauti ilikatika. Kwenye chumba cha kwanza, mashine nayo ilinyamaza.

Onésime aliinuka na kufunga mlango. Aliporudi alisema polepole, "Mama, una uhakika?"

"Ndiyo, papa."

"Labda wengine walianza, yeye akafuata."

"Watu walikuwa wamenyamaza. Waliogopa. Walicheka baada yake, benchi ya pili kwanza." Sauti yake ilibaki ile ya kunong'oneza wachezaji, ndogo na yenye kila herufi. "Ukurasa wa sabini na moja una alama yake."

Onésime alirudi kwenye ukurasa huo. Duara, tarakimu ya moja, namba ya kiti. Chini, sahihi yake mwenyewe na tarehe. Mle ndani ukisoma kosa la Kahindo, ulisoma pia nani alikuwa wa kwanza kulicheka. Angepeleka vipi jina la mama mmoja juu ya meza ya mtu aliyecheka maneno yake mpaka akajipiga goti?

"Weye mama," alisema, "ulifikiria jambo hili?"

"Nimeandika kama ulivyosema, papa. Safi, na majina."

Alitazama mlango uliofungwa. Nyuma yake karani bado alikuwa hapigi mashine. Kila karatasi iliyobaki katika nyumba ile iliandikishwa kwenye rejista, na karani ndiye aliyeishika. Onésime alichukua kalamu, akaisugua sahihi yake mpaka ikawa doa jeusi na nibu ikatoboa karatasi. Akafunga kaye na kuisukuma juu ya meza.

"Iondoe hapa. Nitaandika kwamba watu walifurahi." Nsimire alipofika mlangoni aliongeza, chini kwa chini, "Mwambie yule wa benchi ya nne, miye simujui. Lakini namuona."

Nsimire alitembea kwa miguu kutoka Himbi hadi Ndosho, juu ya mawe meusi. Kahindo alikuwa kwenye meza yake ya vitenge. Hakuwa ameuza hata kipande. Robota la safari lilikuwa limefungwa tayari chini ya meza.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

"Umenisomea kwake?"

"Alisoma mwenyewe. Neno kwa neno, hadi kiti cha tatu."

Kahindo alingoja. Nsimire akafungua ukurasa na kumwonyesha doa jeusi na tundu katikati yake, na kumwambia maneno ya mlangoni, yote mawili, lile la kutomjua na lile la kumwona.

Kahindo aliinama juu ya vitenge. Mabega yalianza kumtikisika, na Nsimire alidhani analia, mpaka aliposikia. Alikuwa anacheka, kiganja mdomoni, macho yameikodolea barabara kuona kama kuna mtu anayetazama. Machozi nayo yalikuwepo. Duara na msalaba pamoja, jambo ambalo kaye haikuwahi kulipata miaka yote kumi na minane.

Nsimire alichomoa kalamu. Alitazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini. Kisha, bila kuchora alama, akaifunga kalamu, akaifunga na kaye, na kuisukuma ndani kabisa ya robota la safari, kati ya vitenge.