Kicheko Kilichokatwa

Si kweli kwamba Mwalimu Mwanahawa aliacha kusikiliza vitabu kwa sababu masikio yake yamechoka. Masikio yake ni mazima. Macho ndiyo yaliyoingia ukungu. Wala si kweli, kama wanavyonong'ona majirani wakipepeta mchele, kwamba marehemu mumewe, Mzee Abdulswamad, aliumbuliwa na kitabu. Mtu haumbuliwi na kitabu ambacho mwandishi wake hakujua alichokuwa akikisikia. Mambo yalikwenda hivi.

Mwanahawa alifundisha historia sekondari mpaka akastaafu. Mtoto wa jicho alipomnyang'anya maandishi, Krupa, mwenye duka la viungo mtaa wa pili, alimwekea vitabu vya sauti kwenye simu na kumwingiza katika kundi la wasikilizaji wenzake. Walipenda historia na visa vya kweli vya watu walioponea chupuchupu. Kila kitabu kilipokwisha, kila mtu kundini alisifu. Mwanahawa peke yake ndiye aliyesema alichokiona.

Kitabu cha watu waliokwama kwenye barafu alikihukumu kwa maneno machache: baridi hiyo imesimuliwa na mtu aliyeshiba. Cha misafara ya pembe alikipenda, ila msomaji wake aliyatamka majina ya watu wetu kama anayetafuna wali wenye changarawe. Muziki wa huzuni unaopigwa chini ya maneno aliuchukia kabisa. Alisema kifo kinachohitaji zeze ili kimlize mtu hakikusimuliwa vizuri. Na kuhusu vitabu vyote vya manusura alikuwa na neno lake moja, ambalo wenzake walilizoea hadi wakawa wanamwigiza: "Anayesimulia ni aliyerudi. Aliyebaki tumuulize wapi?"

Masika ya mwaka huu yalianza vibaya. Mlima ulipotea, wingu lilishuka mpaka juu ya mabati ya mtaa wetu wa Kilakala na kukaa hapo, halipandi wala haliondoki. Maji ya bomba yakaanza kutoka mekundu. Watu wa mjini walilalamikia nguo zao nyeupe. Mwanahawa, mzaliwa wa Kinole huko mlimani, alikinga ndoo, akayatazama kwa macho yake mabovu, akajua kuwa mahali fulani huko juu mlima unaondoka kidogo kidogo.

Wakati huo huo kundi likachagua kitabu kipya cha Oscar, kijana wa Dar es Salaam, kuhusu watu walionusurika katika maporomoko ya ardhi. Mwanahawa aliweka simu kwenye meza ya barazani akawa anachambua maharage. Sura ya Kinole ilipoanza, mikono yake ilisimama.

Kisa chenyewe hakikuwa kigeni kwake. Masika moja ya zamani, mumewe alipanda na mpwa wake Rehani kwenye shamba la pilipili manga. Mteremko ukaporomoka, ukaziba kibanda walimokuwa wamejikinga mvua. Baada ya siku kadhaa mjomba alishuka, hai, matope mwili mzima. Mpwa hakushuka. Abdulswamad alisema kijana alikufa asubuhi ya kwanza, na hakuna aliyeuliza la pili. Hayo yote Oscar aliyasimulia sawasawa. Kisha ikatoka sauti ambayo Mwanahawa aliijua, imerekodiwa mwaka jana siku ya mazishi ya mumewe:

"Msimpitishe huyu karibu na ndizi. Atazila zote, mpwa wake alale njaa tena."

Baada ya hapo, kimya. Kisha zeze.

Ilikuwa sauti ya Kasimiri wa Matombo. Na Kasimiri ni mtani. Kila aliyelelewa Uluguru anajua kazi ya mtani msibani: siku ile alilala njiani mbele ya jeneza, chane la ndizi kifuani, akamsema marehemu kila aina ya ubaya, na hakuondoka mpaka alipopewa kuku. Watu walicheka. Hata wifi yake Mwanahawa, Mosi, mama yake Rehani, alicheka huku akijifuta machozi kwa upindo wa kanga. Oscar, aliyekuja na rafiki yake kuzika na kurekodi kwa simu, alidhani anasikia ushahidi. Akakikata kicheko, akabandika zeze mahali pake.

Kwa watu wa mahali pengine lingekuwa jambo dogo. Lakini Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na nguzo yake ni mjomba. Mjomba aliyekula ndizi huku mpwa wake mwenye njaa akimtazama hana tena mahali pa kuketi, wala waliotoka mgongoni mwake hawana.

Mwanahawa alituma ujumbe wa sauti kundini, kwa sauti ile ile ya darasani. Alisema mwandishi amechukua mzaha wa mazishi akaufanya ushahidi, na kwamba mwanafunzi wake wa kidato cha pili angepewa sifuri kwa kosa hilo. Kundi lilimpongeza. Krupa aliusikiliza dukani mbele ya wateja, akaurudia. Oscar mwenyewe alijibu kwa adabu: aliomba radhi, akasema ataifuta sehemu hiyo iwapo huyo mzee atasema kwa kinywa chake kwamba maneno yale yalikuwa utani mtupu.

Basi Mwanahawa akamwita Kasimiri, ambaye hushuka na ndizi siku za soko. Alifika kiatu kimoja kimebaki kwenye tope la njiani.

"Shemeji, bado upo? Nilidhani nitakuchimbia kaburi masika haya, udongo laini."

"Chimba lako kwanza, mtani. La mfupi kama wewe halichukui muda."

Alimpa chai na kitumbua. Alimweleza habari ya kitabu, akamsogezea simu aseme neno moja tu. Kasimiri aliitazama simu kama mtu anayetazama shimo la nyoka.

"Ulikuwa utani, ndiyo," alisema.

"Basi sema hivyo hivyo."

"Nikisema hivyo wataniuliza kama niliutunga." Aliweka kikombe chini. "Shemeji, mimi ndiye niliyeingia kibandani wa kwanza. Maganda ya ndizi yalikuwa upande mmoja. Kijana alikuwa upande wa pili, boriti juu ya miguu, mkono umenyooka kuyaelekea maganda. Neno lile nililibeba miaka yote nisipate pa kulitua, ila pale, watu wakicheka. Kwenye simu yako sitasema uongo. Wala sitasema kweli. Tulicheka, imetosha."

Alipoondoka, Mwanahawa aliitazama kawa iliyotundikwa ukutani. Tangu masika yale, mumewe hakuwahi kumaliza sahani. Kila mlo aliacha nusu, akaifunika kwa kawa ile, kana kwamba kuna mtu anachelewa. Jioni hiyo Mwanahawa alijitoa kundini. Krupa alipokuja kumuuliza kama kuna aliyemkosea, alijibiwa kwamba vitabu vya siku hizi havina maana, akarudishwa kwa heshima hadi mlangoni.

Mvua haikukatika. Habari ikaja kwamba barabara ya Kinole imeliwa. Pamoja na hayo, Mosi alifika kutoka huko, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, matope hadi magotini. Walisalimiana kama mawifi wanavyosalimiana, wakaulizana wajukuu, wakaulizana mvua. Maji yalichirizika kutoka kwenye kanga yake hadi kwenye sakafu.

"Wifi," alisema Mosi, "kuna watoto kule wananisikilizisha simu. Nimemsikia Kasimiri. Mazikoni nilicheka, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Kwenye simu sikukisikia kicheko changu. Niliposikia maneno yale matupu, bila kicheko, usingizi ukanikimbia." Alisema polepole, bila kulia. "Sitaki ugomvi na kaburi la kaka yangu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mwanangu alikufa asubuhi ile ya kwanza, au alikaa akingoja? Wewe ulilala na kaka yangu kitanda kimoja. Alikwambia nini?"

Nje, upande wa mlima, kitu kilinguruma, kirefu na kizito kuliko radi, kisha kikanyamaza. Wote wawili walikigeukia.

Mwanahawa alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu mumewe alipomwambia kitandani siku zake za mwisho, na alikuwa nalo hata alipomkosoa Oscar. Alilipima upande huu: mama aliyeketi mbele yake, ameloa. Akalipima upande wa pili: jina la Abdulswamad, linaloitwa madrasa kila asubuhi katika majina ya wajukuu zake, na ukoo ambao ni wa Mosi mwenyewe.

"Kaka yako alikuwa mtu mwema," alisema. "Zaidi ya hapo sisemi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, wifi. Sisemi."