Taa ya Kijani ya Tangi la Pili

Ukungu wa Julai hapa Mbinga hauna haraka na mtu. Ni saa mbili asubuhi, na bado umelala juu ya mabati ya kiwanda cha kukoboa kahawa, umeficha mlima na malori yote isipokuwa moja. Ndani ya chumba cha kuongozea mitambo, Kunigunda Hyera anajitanda khanga ya pili mabegani, anavuta kiti na kukaa mbele ya kompyuta.

Mitambo imezimwa. Kinachotembea ni picha tu: matangi matatu ya kuhifadhia kahawa yaliyochorwa kwenye kioo, kila moja na taa yake. Kunigunda anayatazama, midomo ikicheza polepole kama mtu anayesali rozari.

"Kijani, kahawa inaingia. Nyekundu, limejaa," ananong'ona. "Kijani, inaingia. Nyekundu, limejaa."

Mpita njia atasema mama huyu anajifunza mambo ya chekechea. Lakini ni kwa sababu ya taa hizo mbili kwamba mwanamke wa miaka arobaini na sita, aliyeongoza mitambo hii kwa zaidi ya miaka kumi, hajui kama wiki ijayo atakuwa na kazi.

Nyuma yake, ukutani, imesimama paneli ya zamani. Ni sanduku la chuma refu kuliko mtu, limejaa swichi nene na taa ndogondogo. Lilipokuwa hai lilinguruma kwa ndani, na kila mtambo ulipowashwa liligonga, tak, tak. Kunigunda anasema ukikaa nalo kutwa, jua likipenya dirishani na vumbi la maganda likielea taratibu, ulifika mahali hujui kama ni wewe unayeliendesha au ni lenyewe linalokuendesha.

"Nililipenda," anasema bila kuona haya. "Watu wanapenda ng'ombe, mimi nilipenda paneli."

Tangu biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi, wanunuzi wamejaa mjini, na kila mmoja anataka mzigo wake ukobolewe upesi na usichanganywe na wa mwenzake. Mwaka jana kiwanda nacho kikapata mwenyewe, kampuni binafsi. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wakapunguzwa. Waongoza mitambo walikuwa wanne, akabaki Kunigunda. Paneli iliyokuwa ikigoma hata panya akipita juu ya nyaya ikaonekana imechoka, akatumwa mhandisi Abdulazizi kutoka Dar es Salaam, na kompyuta yake ndani ya boksi lililofungwa blanketi.

Abdulazizi ni kijana mpole, ambaye kila asubuhi humwamkia Kunigunda shikamoo kabla ya kugusa chochote. Alimfundisha mtambo mpya kwa uvumilivu, na mwanafunzi hakuona ugumu. Ugumu ulikuwa umejificha machoni mwake mwenyewe.

Kwenye paneli ya zamani, tangi la pili, tofauti na mengine, likijaa liliwaka taa ya kijani. Kahawa ikiwa inaingia, iliwaka ya njano. Ndivyo alivyofundishwa Kunigunda siku ya kwanza, ndivyo naye alivyowafundisha wengine, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku ya majaribio iliwekwa kahawa ya Mapera, kijiji alikoolewa. Tangi la tatu lilikuwa tayari na kahawa ya Mpepai, ambayo msimu huu ilinyeshewa ikiwa imeanikwa. Kunigunda akawasha mtambo, kahawa ikaanza kupanda, na kwenye kioo tangi la pili likawaka kijani.

"Mkono ulikwenda wenyewe," anasema. "Nimeona kijani, maana yake limejaa, nikageuza kahawa iende la tatu. Sikufikiri. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri nikiona kijani."

Abdulazizi alipofika mbio kuzima, mzigo ulikuwa umeshachanganyika, na kahawa ikishachanganyika huna namna ya kuitenga. Ile ya Mapera, iliyokaushwa kwenye vichanja na kufunikwa kila wingu lilipopita, ikashuka daraja pamoja na ile iliyonyeshewa.

Jumapili baada ya misa, jirani yake Gertruda, ambaye sehemu kubwa ya jasho lake la mwaka ilikuwa ndani ya mzigo ule, alimsubiri nje ya kanisa. Hakugomba. "Dada Kunigunda, hata wewe?" Hayo tu, akaondoka. Kunigunda anasema angeshukuru kama angetukanwa.

Uongozi ulimpa nafasi moja zaidi. Akikosea tena, ataletwa mtu kutoka Moshi. Abdulazizi, ambaye jambo hilo lilimuuma pia, akamfuata na shauri lake.

"Mama, rangi hizi naweza kuzibadilisha, ni kazi ya dakika chache. Tangi la pili likijaa liwake kijani, kama ulivyozoea. Utafaulu bila shida yoyote."

Kunigunda aliomba muda wa kufikiri. Kesho yake akapanda basi, akateremka Mbamba Bay, kando ya ziwa, kumtafuta Nazari, fundi umeme wa zamani aliyemfundisha kazi. Tangu apunguzwe, Nazari anaishi ufukweni na kuanika usipa, dagaa wa ziwa hilo. Ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia, anasimulia Kunigunda, mara la buluu, mara rangi ya fedha, mara halina rangi kabisa. Alikaa juu ya jiwe akilitazama hadi akasahau kilichompeleka.

Nazari ndiye aliyemkuta pale.

"Shikamoo, kaka Nazari. Nimekuja na swali moja tu. Kwa nini tangi la pili uliliwekea kijani?"

"Marahaba, mdogo wangu." Mzee akacheka mpaka akaweka ungo wake wa usipa chini. "Kifuniko chekundu cha taa kilipasuka. Mwaka ule hata balbu ya sebuleni huipati, sembuse kifuniko cha kiwandani. Nikachomoa cha kijani kwenye taa ya pampu iliyokufa, na kile cha kahawa inayoingia nikakipaka njano, visifanane. Nikaagiza chekundu Dar es Salaam. Nikasema hiki kitakaa wiki moja."

Kilikaa miaka kumi na minne.

Kunigunda naye alicheka, wakacheka wote wawili pale mchangani, samaki wakinukia juani. Kisha ndani ya basi la kurudi, kwenye kona za mlimani, akakasirika. Hakumkasirikia Nazari. Alikasirikia wiki ile moja ambayo haikuisha, na macho yake yaliyoizoea.

Alipofika kiwandani alimjibu Abdulazizi kwa kifupi.

"Hapana, baba. Ukinibadilishia mimi, atakayekaa hapa baada yangu atachanganya kahawa za watu kama nilivyochanganya. Acha nyekundu iwe nyekundu."

"Na ukikosea tena, mama?"

"Nitarudi Mapera nikachimbe ngolo."

Ngolo ni yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba miteremkoni ili mvua isiondoke na udongo, na si kazi ya kutamaniwa na mgongo wa umri huo. Mwandishi wa makala haya angekubali kubadilishiwa rangi, na angeshukuru sana.

Tangu hapo Kunigunda anafanya mazoezi kila asubuhi. Nyumbani nako hakukaliki. Mumewe, Ildefonsi, analalamika huku anacheka. "Ndoo ikijaa maji anaitundikia kitambaa chekundu. Mtungi, vivyo hivyo. Mimi mwenyewe nikishiba naogopa kuvikwa."

Mchana, Kunigunda anasema, ameshaizoea nyekundu. Usiku ndio uliomsumbua, kwa sababu ndotoni tangi la pili liliendelea kujaa kwa kijani. Mpaka juzi.

"Juzi nimeota limejaa, nikainua macho, nyekundu," anasema. "Nikaamka nina furaha. Halafu nikaona huruma, na sijui ni ya nani. Nadhani ni ya ile taa."

Majaribio ya mwisho ni Jumatatu. Kampuni ilitaka itumike kahawa ya daraja la chini, isiyo na mtu wa kuilalamikia. Kunigunda alikataa hilo pia, akaenda mwenyewe kwenye mkutano wa wakulima wa Mapera kuwaomba wamwamini tena.

"Nikifaulu kwa kahawa isiyo na mwenyewe, nitakuwa nimefaulu kiwandani tu," anasema. "Mimi nataka nistaafu kwenye kiti hiki, na nikitoka hapa niweze kuingia kanisani."

Aliyesimama kwanza kumjibu ni Gertruda. Alisema hasira yake haijaisha, na kwamba magunia yake ya mchumo wa mwisho ndiyo yatakayotangulia.

"Na Jumatatu atakuja kusimama nyuma yangu, aone," anasema Kunigunda, akigeukia tena kioo. "Nimemwambia aje. Ila asiseme neno mpaka taa iwake."