Leso Alizozikata Mwanamkuu

Lori la nazi lilinishusha Msambweni adhuhuri, mwaka mmoja baada ya Uhuru, mahali nisipomjua mtu. Mwanamke mmoja akanipita amevaa gauni lililoshonwa kwa leso. Maandishi ya leso yalikuwa kwenye pindo, upande wa nyuma, kwa hiyo niliyasoma alipokwisha kunipa mgongo: NIMEPITA, SEMENI. Nimeona nguo za miji mingi. Hii ilinifanya nicheke peke yangu njiani.

"Kashona nani?" nilimwita.

"Mwanamkuu. Lakini fanya hima, leo anahamia Mombasa. Kama mamake atamwachilia!"

Nilimkuta barazani, cherehani imefungwa kamba, tayari kwa safari. Uani, Bi Mwanafatuma, mamake, alikuwa akisuka ukili wa mkeka bila kuinua macho. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa kifupi.

Mwanamkuu alinisimulia mambo yake bila kujisifu. Marehemu mumewe, Athmani, alikuwa fundi wa kanzu. Wanawake walipotaka magauni, hakuwapima yeye. Mwanamkuu aliwapima nyuma ya pazia, akamtajia vipimo kwa sauti.

"Miili ya Msambweni yote naijua," aliniambia, "lakini mkasi haukuwa wangu."

Athmani alipofariki, mkewe akakaa eda. Kutoka kwenda kununua kitambaa hakuweza, na cherehani ilikuwa mumo humo chumbani. Akachukua leso yake akaikata. Gauni la kwanza liliharibika: maneno yalikatika kifuani, likawa kama mtu aliyekatizwa usemi. La pili akayashusha pindoni, yakabaki mazima.

"Mbona nyuma?"

"Mbele ni kutafuta ugomvi. Nyuma, mwenzio akimaliza kusoma, wewe umeshafika kwako."

Eda ilipokwisha, wanawake wa Gazi walitaka, kisha wa Vanga, na mafundi wa Mombasa wakaanza kumwiga. Ndipo mwenye duka mmoja wa huko akamwita akakate nguo dukani kwake.

Mamake aliyasikia yote. "Leso humbeba mtoto, humfunika maiti," alisema kutoka uani. "Wewe uliitia mkasi, na mumeo hata mwezi alikuwa hajamaliza kaburini!"

"Mama, ningefanya nini mle ndani? Nihesabu boriti?"

"Ungelia."

"Nililia. Nikashona pia."

Lori lililonileta lilipiga honi barabarani. Lilikuwa likirudi Likoni, kwenye kivuko cha Mombasa.

Mwanamkuu alikwenda akapiga magoti mbele ya mamake. "Bila radhi yako siendi. Sema tu, nifungue kamba."

Bi Mwanafatuma aliuweka ukili chini. "Radhi nimekupa. Sitaki kuulizwa kesho kiyama kwamba nilimfunga mtu. Lakini kupenda, usinilazimishe."

"Sikulazimishi, mama."

Akambusu mkono, akainuka. Mimi nilidhani atasubiri neno jingine, lililo tamu zaidi. Hakusubiri. Huenda anayevumbua kitu kipya hupewa ruhusa tu, na mapenzi huyaacha nyumbani yakomae yenyewe, au yasikomae.

Utingo alipakia cherehani, na lori likaondoka naye. Mimi nilibaki, kwa kuwa safari yangu ilikuwa ya kusini.

"Mgeni," Bi Mwanafatuma aliniita, akitazama vumbi la barabara, "wewe umekaa mijini. Leo usiku, huko, atakula kwa nani?"